Pete za Boriti ya Mama Mshonaji

Mama niliyemsimamia ujenzi pale Gisenyi alikuwa na kitanda kipana cha mbao nzito alichoachiwa na marehemu mumewe, na kitanda hicho hakikulaliwa na mtu. Kila Ijumaa alikitandika shuka safi kana kwamba kuna mgeni njiani. Mwenyewe alilala uani, kwenye kibanda cha mbao na mabati ambacho zamani kilihifadhi makaa, juu ya godoro lililonuka moshi hata likianikwa juani kutwa nzima. Alihamia huko wakati ule mlima ulipotema moto na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, ukuta wa chumba chake ukapasuka mshazari kutoka pembe ya dirisha hadi chini karibu na mlango. Matetemeko yalipotulia majirani walirudi ndani, wakapaka rangi juu ya nyufa zao, wakasahau. Yeye hakurudi.

Alikuwa mjane, mshonaji wa nguo za kike, Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini ambazo babu zao walifika na bidhaa wakasahau kuondoka. Alikuwa na ulimi mkali na mikono myepesi, na alipenda kuuliza swali huku ameshika pini mdomoni, ili ukishindwa kumsikia kosa liwe lako. Kila aliyetaka kumtia moyo alimwambia usijali, na nadhani neno hilo lilimuudhi kuliko ule ufa.

Mwanawe, dereva wa lori wa njia ya Kigali, ndiye aliyenifuata kwenye ofisi yetu ya uhandisi, mtaa wa Nengo. Alitaka kubomoa nyumba ya zamani na kujenga ya ghorofa moja: chini duka la mama la kushonea, juu vyumba vya kulala. Nikamuuliza anataka vyumba vingapi. Akanitazama kama nimeuliza bei ya nyanya msibani.

"Madamu, mi sina shida na vyumba," alisema. "Mi nalala popote, hata mu kamio. Nataka mama alale ndani. Basi, njo kazi ninakupa."

Njo ni ndiyo ya kwao, na kamio ni lori. Nikaikubali kazi hiyo haraka. Nilikuwa bado na umri wa kuamini kwamba mtu anayeogopa zege anachohitaji ni kuonyeshwa hesabu.

Mama mwenyewe hakukataa nyumba. "Jenga," alimwambia mwanawe mbele yangu. "Nitashona mule, nitapika mule, nitapokea bageni mule. Kulala, hapana." Kisha akanigeukia na kutoa sharti lake moja: asione nguzo katikati ya duka. Meza yake ya kukatia vitambaa ilikuwa ndefu, na nguzo ingesimama pale pale anaposimama yeye. Kwa hiyo dukani ikabidi ipite boriti moja ndefu, kutoka nguzo ya ukuta huu hadi nguzo ya ukuta ule, ibebe kuta za juu na vyumba vyote na kile kitanda kitupu.

Watu wengi hudhani boriti huvunjika katikati, pale inapopinda. Kupinda ni kweli inapinda, lakini huko katikati ina adabu: inalegea, inatoa nyufa ndogondogo, unapata muda wa kuhamisha vyombo. Mwishoni, karibu na nguzo, mzigo wote hukusanyika kabla ya kushuka chini, na huko boriti haibembelezi mtu. Inakatika mshazari, ghafla. Nguvu hiyo tunaiita nguvu ya mkato. Kinga yake ni vyuma vyembamba vilivyokunjwa pembe nne, vinavyozizunguka nondo ndefu za juu na za chini na kuzishikanisha, karibukaribu kule mwishoni, na kwa kuachana zaidi kuelekea katikati.

Viachane kiasi gani? Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana kila nchi ina sheria yake, na Gisenyi sheria zote zimehamia kama watu walivyohamia. Mimi nilikulia Mwanza na kusomea Tanzania, ambako walimu wangu walifuata Waingereza: zege inapewa sehemu yake ya mzigo, vyuma vinabeba kinachobaki. Ofisini Nengo tulifuata sheria mpya ya Ulaya, ambayo ukishaweka vile vyuma haiihesabu tena zege, vyuma vibebe vyote; ila kwa kukufariji inakuruhusu uchague mwenyewe, ndani ya mipaka, pembe ambayo mkato utalalia. Ukichagua pembe ya kulala sana, ufa wako wa kwenye karatasi unakuwa mrefu, unakutana na vyuma vingi njiani, na hesabu inatoka ndogo. Inapendeza sana. Nilichagua ya kulala sana.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa makamo aliyejifunzia kazi Goma, kwa wazee waliofuata sheria ya Kifaransa. Yeye hakuwa na pembe ya kuchagua. Alikuwa na wimbo. Wafaransa wana orodha ya nafasi za kuachanisha vile vyuma, kwa sentimita, na kila namba unairudia mara kadhaa kulingana na urefu wa boriti. Fundi alianza kwenye nguzo na saba, kwa Kifaransa na kwa sauti ya juu, "Set, set, wit, wit, nef, nef," akateremka nayo, "dis, onz, trez, sez," na kadiri alivyokaribia katikati sauti ikazidi kuwa nzito, "vent... ventsenk... trantsenk..." yaani hadi thelathini na tano, na vibarua wakamwitikia huku wakichora alama za chaki kwenye mbao. Ilikuwa nzuri kuisikiliza. Haikuwa na uhusiano wowote na mchoro wangu.

"Shefu," nilimwambia, "kwenye mchoro nafasi za mwishoni ni kumi na tano kumi na tano."

Akauchukua mchoro, akautazama kwa heshima yote, akaugeuza, akaurudisha.

"Madamu, hii pembe umeitoa wapi?"

"Nimeichagua. Sheria inaruhusu."

"Umechagua?" Akawageukia wenzake. "Sikieni, bandugu. Huko Ulaya mutu anachagua mwenyewe fasi beto itapasukia. Na beto inatii!"

Beto kwao ni zege, na fasi ni mahali. Walicheka mpaka mmoja akaangusha koleo. Nami sikubaki nyuma. Nilimwambia wimbo wake ukifika katikati unaacha nafasi ambayo kuku anapita na vifaranga wake wote, na sheria yangu ina kikomo ambacho wimbo wake unakiruka bila hata kupiga hodi. Akasema kuku wa Rwanda ni wadogo. Tuliendelea hivyo siku kadhaa, yeye akiniita Madamu Pembe mbele ya watu, mimi nikimwomba aimbe polepole ili nondo zimfuate. Mwishowe niliketi nikapiga hesabu kwa sheria zote, nikaona namba zake za mwishoni zinapita kwa raha na namba zangu za katikati zinapita kwa raha. Tukakubaliana: mwisho wa boriti ufuate wimbo wake, katikati ufuate mchoro wangu. Boriti ile ina uraia pacha, na haijawahi kulalamika.

Sasa nije kwenye pete.

Vile vyuma vya pembe nne fundi aliviita etriye, kama wanavyoita Goma. Kwenye ujenzi kule Mwanza tulikuwa tukiviita ringi. Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa wa kurekebisha watu Kiswahili, ugonjwa unaowashika wengi waliokulia Tanzania wakija huku, na sikutaka kusema etriye wala ringi mbele ya mama wa mjini anayesali na kusoma. Nikasema pete. Nilimpigia simu siku vilipomalizika kukunjwa.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo yangu ilimchekesha kila mara. "Jambo, mwana wangu. Unasemaje?"

"Mama, pete ziko tayari. Nitazileta mwenyewe Jumamosi asubuhi."

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Pete?"

"Ndiyo, mama. Nimezipima mwenyewe, zinaingia vizuri. Na mwanao nimemwambia awepo, amesema sawa."

"Yeye amesema sawa?"

"Bila wasiwasi wowote. Halafu, mama, tukishafunga hakuna kufungua tena. Kwa hiyo kama kuna mtu wa familia mwenye neno, afike aliseme mapema."

"Bon," alisema polepole sana. "Na bazazi wako? Banajua hii maneno?"

Nilidhani anauliza kama wazazi wangu wanajua nashinda na wanaume kwenye vumbi la saruji. Nikamjibu kwamba wanajua na wanajivunia sana.

"Basi, mwana wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imelainika kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. "Kuja. Tutakungojea."

Nilikata simu nikiwa nimeridhika. Nilijiambia, unaona, mama ameanza kuipenda kazi.

Jumamosi nilifika na gari la mizigo, nimevaa buti za mpira na suruali yenye saruji magotini, fundi kando yangu na pete zote nyuma zimefungwa mafungu. Uani palikuwa pamefagiwa. Pametandikwa mikeka. Ubani ulikuwa ukifuka, na kwenye meza palikuwa na sambusa, maandazi na birika kubwa ambalo huwa halitoki kabatini bila sababu. Mashangazi wawili walikuwa wamekuja kutoka Mahoko wamejitanda kanga mpya. Na mwana wa mama, yule dereva, alikuwa ameketi kwenye kiti cha peke yake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama wima, macho yake kama ya mtu aliyesimamishwa na polisi.

Nilifurahi. Nilidhani wana desturi ya kuombea dua boriti kabla ya kumwaga zege, nikaona ni desturi nzuri, nikavua kofia yangu ya kazi na kuketi mkekani. Fundi akaketi pia, na mkono wake ukaelekea kwenye sambusa.

Shangazi mkubwa akakohoa. "Bon. Kwetu sisi," akasema, "ni mwanamume njo anaendaka kwa batu ya binti. Lakini dunia imegeuka, na sisi hatutafunga mulango. Tunasikia umekuja na pete."

"Nimekuja nazo, mama," nilisema. "Tena ni nyingi."

Mashangazi wakatazamana.

"Nyingi ni ngapi?" akauliza mdogo.

"Zitatosha boriti yote, hata zikibaki hakuna hasara." Nikamgeukia fundi. "Shefu, hebu teremsha fungu moja, waone."

Fundi alienda, akalibeba fungu la pete begani, akalibwaga katikati ya uwanja. Vumbi likaruka, kikombe kikalia juu ya sahani, ubani ukazimika. Nikachomoa moja, nikaiinua juu kwa mikono miwili ili kila mtu aione vizuri.

Kisha shangazi mdogo akasogeza uso wake, akaitazama kwa makini kila upande, akasema, "Yewe! Hii pete ina pembe ine. Na kidole yake iko wapi?"

Wa kwanza kuelewa alikuwa fundi. Alikaa chini palepale juu ya lile fungu, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanaruka. Wa pili alikuwa yule dereva, na alichofanya sijamsamehe mpaka leo: alishusha pumzi kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote, kama mtu aliyetolewa mahabusu. Nilikuwa bado sijaelewa vizuri nimeposa nini, lakini nilijua nimeshakataliwa. Baadaye alijaribu kunitengeneza, akasema, "Madamu, usikasirike. Mi nilikuwa tayari kukubali, juu ya mama." Hilo nalo halikusaidia.

Mashangazi walicheka mpaka wakashikana. Nilitamani zege imwagwe siku ileile, na mimi niwe ndani yake. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama mshonaji alikuwa ameketi na mikono yake magotini, anaitazama ile pete ya pembe nne, na niliona machozi yanamlengalenga.

"Mama, nisamehe," nilimwambia. "Nilimaanisha vyuma."

"Nimeona ni vyuma." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Mi nilifurahi, unajua? Si juu ya harusi. Huyu muvulana anaweza kujitafutia mwenyewe. Nilifurahi juu ya nyumba. Nilisema, kama enjenieri anaingia mu familia, basi nitalala. Enjenieri wa kulipwa anamaliza, anaenda kwao. Lakini mukaza mwana anabaki chini ya nyumba, yeye na batoto yake. Hawezi kujenga fasi ya kumuangukia." Akanitazama moja kwa moja. "Sasa we si mukaza mwana. Nitakuamini juu ya nini?"

Nimeulizwa maswali na maprofesa na hakuna lililonibana namna hiyo. Nilikuwa na hesabu za sheria tatu kwenye begi langu na sikuona hata moja ya kumjibu. Na niliumia kweli, kwa sababu siku zote nilidhani anaogopa zege, kumbe alikuwa anatuogopa sisi tunaoondoka.

Nikamuuliza kama ana kipande cha kitambaa asichokihitaji. Swali la kijinga kumuuliza mshonaji. Akaagiza kiletwe kikapu kizima. Nikachagua cha kitenge, nikachora juu yake kwa chaki yake mraba mmoja, nikamwomba ashike kipande upande wa kushoto na kukibania hapohapo, huku mimi nikishika wa kulia na kuushusha chini. Mraba ukapotoka. Ukawa umelala, pembe moja imevutwa huku, nyingine imebanwa kule.

"Hivi ndivyo boriti inavyofanywa pale karibu na nguzo," nilisema. "Nguzo inashika, mzigo unashusha. Tazama kitambaa kinavutwa upande gani."

Hakuhitaji kutazama. "Kinavutwa biye," alisema.

Biye ni neno la cherehani, wamelitoa kwenye Kifaransa: kitambaa kikikatwa au kuvutwa mshazari, kikiacha kufuata uzi. Kila mshonaji wa mjini analijua. Ukivuta kitambaa kwa kufuata uzi kinakaza. Ukikivuta biye kinalegea na kukusaliti. Akakivuta tena mwenyewe, mara hii kwa nguvu, akakilegeza, akakivuta. Mashangazi walikuwa wameacha kucheka.

"Ukuta yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ilivutwa biye. Na haikukuwa na kitu ndani ya kuishika." Akaiokota ile pete ya chuma, akaipitisha juu ya kitambaa, ikavuka ule mshazari. "Na hii inashona fasi ya kupasuka kabla haijapasuka."

Nilikuwa na sentensi nzuri ya kitaalamu tayari, nikaimeza. "Inashona," nilisema.

Tangu siku hiyo hatukuwa na amani. Mama alihamishia kiti chake kando ya kofraji, zile mbao za kumwagia zege, na akajipa cheo. Alivuta pete moja moja kuona kama zimefungwa. Alimwambia fundi waya zake zina mikia mirefu, zikatwe. Alitaka pete za katikati nazo zibanane kama za mwishoni, kwa sababu vazi halishonwi vizuri pembeni na kushonwa ovyo katikati, na ilinibidi nimweleze kwamba tukizibana zote zege haitapata pa kupitia na tutakuwa tumeshona mfuko wa hewa. Akakubali kwa shingo upande. Kisha akataka zote zitazame upande mmoja, kwa uzuri tu. Hilo halikuwemo kwenye sheria yoyote, lakini fundi alizigeuza, akiimba chini kwa chini kwa sauti ya mtu anayeonewa.

Zege ikamwagwa, ikakaa, ikakomaa. Siku ya kuondoa miti iliyoitegemeza boriti, mama aliweka kiti katikati ya duka na kikombe cha chai juu ya stuli.

"Kaa," aliniambia. "Kunywa chai. Nao batoe miti."

Nikakichukua kile kiti, nikakisogeza hadi karibu na nguzo, chini kabisa ya mahali penye namba ndogo za wimbo wa fundi. Mama aliona, na alielewa kwa nini. Vibarua wakaanza kuigonga miti kwa nyundo. Mti wa kwanza ukaanguka, wa pili, wa tatu. Nilikunywa chai kwa uso wa mtu anayesubiri basi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa sana, na nusu ya chai ile iliishia kwenye buti. Mti wa mwisho ulipotoka, boriti ilikaa kimya pale juu. Fundi akanivulia kofia, nami nikamvulia yangu.

Mama akasema aksanti, akasifu, akahamisha cherehani zake na meza yake ndefu. Akapandisha juu kile kitanda. Jioni ikafika akachukua ufunguo wa kibanda, akaenda kulala uani.

Siwezi kuficha kwamba iliniuma. Mimi na dereva tukaanza vita vya chinichini. Yeye alijifanya kusahau kuziba bati la kibanda lililotoboka; mama akaweka beseni. Fundi akatuma ujumbe kwamba anazitaka zile mbao za kibanda kwa kazi nyingine. Mama akamjibu kwamba yeye pia anazitaka. Mimi nilimtumia mwanawe ushauri wa kumnunua jogoo wa jirani na kumfunga karibu na ukuta wa kibanda. Mama akamla. Nilialikwa kwenye mchuzi wake, na ulikuwa mtamu.

Miezi ikapita. Nilizoea kupita pale kwa mambo ya nguo, na mama alinishonea kwa bei ya watu wa nyumbani, akinikosoa namna ninavyosimama. Siku moja mchana, baada ya sala ya adhuhuri, nilikwenda kupima gauni. Dereva alikuwa dukani peke yake, anakula. Akaniambia mama amekwenda kujipumzisha uani, na gauni liko pale nyuma ya pazia. Nikalivaa, lina pini kila mahali, upande mmoja hauna mkono.

Nilikuwa mbele ya kioo nilipouona mwili wangu ukitikisika kabla sijahisi chochote. Kisha vikaanza kulia vikombe, mikasi, vitasa vya milango. Sakafu ikanipitia chini ya miguu kama kuna mtu anavuta mkeka.

Nilikimbia. Nasema hivyo kwa sababu hakuna neno jingine. Mimi niliyeipigia hesabu boriti ile kwa sheria tatu, niliyekunywa chai chini yake, niliyetia sahihi yangu kwenye kila karatasi, nilipita katikati ya duka bila hata kuitazama, nikatokea barabarani na gauni lisilo na mkono, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Dereva alikuwa mbele yangu, bado anatafuna. Mtaa wote ulikuwa nje: wanawake na sufuria, wanaume na simu, kila mtu akimuuliza mwenzake kama amesikia.

Ilipotulia dereva akasema, "Mama," tukazunguka kwenda uani.

Kibanda kilikuwa kimesimama. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na beseni, mkeka na harufu ya moshi. Godoro halikuwepo. Yule kijana akaniangalia, uso wake umekauka, na kwa muda huo mfupi niliogopa jambo ambalo sikuweza kulitaja. Kisha sote wawili tukainua macho kuitazama ghorofa.

Alipanda ngazi mbilimbili. Nilimfuata pini zikinichoma mbavuni. Mlango wa chumba haukufungwa. Godoro la kibandani lilikuwa limewekwa juu ya kile kitanda kipana, juu ya shuka safi, na mama alikuwa amelala juu yake, ubavu, mtandio umemfunika nusu ya uso. Chini palikuwa na gilasi iliyoanguka na maji yaliyomwagika. Alikuwa anakoroma.

Mwanawe alikaa kwenye kizingiti, akaweka kichwa juu ya magoti, akalia bila aibu yoyote. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba. Nilikuwa na furaha ya kunitosha mwaka mzima, na aibu ya kiasi hichohicho.

Mama akafumbua jicho moja. Likaniona, likaliona gauni, likakiona kiatu mkononi mwangu, likakaa hapo kwa muda.

"Imetikisika?" akauliza.

"Imetikisika, mama."

"Mulikimbia?"

"Tulikimbia."

"Na we pia? Enjenieri?"

"Na mimi pia."

Nilingoja anicheke. Angekuwa na haki, na ulimi wa kazi hiyo alikuwa nao. Lakini alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeujua ugonjwa wangu kwa muda mrefu kuliko mimi. Akajisogeza ukutani, akapiga godoro kwa kiganja pale alipoacha nafasi.

"Kuja ulale hapa," alisema. "Kulala ndani, ni siku ya kwanza tu njo inakuwaka ngumu."

Nikalala.